Maswali ya wasomaji: Laptop inayosikia kofi

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimepata ThinkPad T60 ya mtumba kwa bei poa nikaweka Linux, sasa jamaa mmoja ananiambia hizi mashine ukizigonga ubavuni zinahama zenyewe toka desktopu moja kwenda nyingine, yaani uwanja mwingine wa kazi kwenye skrini. Ni kweli au ananipiga fiksi? Na kama kweli naanzia wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama kaka. Ni kweli kabisa. Humo ndani kuna sensa ya mwendo, IBM walianza kuiweka kwenye ThinkPad 2003 na Apple wakafuata 2005, na kazi yake ni kulinda diski ya kuhifadhi data (hard disk): laptop ikikuponyoka sensa inastukia inaanguka, inaamuru vichwa vya kusomea data vitoke juu ya sahani za diski kabla haijafika chini, ndo data zinapona. Watu walipoona namba za sensa zinasomeka na programu yoyote basi raha ikaanza. 2006 mtu anaitwa Erling Ellingsen akatengeneza programu ya SmackBook, unaipiga MacBook (laptop ya Apple) kofi la upande huu inahama desktopu, la upande ule inarudi.

Inayonikosha mimi zaidi ni SeisMac, programu ya laptop za Apple zenye sensa hiyo, inachora mtikisiko kwa mistari mitatu, mtu akipita tu karibu na meza unaona mistari inaruka! Wanasayansi wa Stanford na Chuo Kikuu cha California, Riverside wakaenda mbali zaidi na Quake-Catcher Network, laptop za watu majumbani zilikuwa zinatuma mitikisiko kwenye seva, zikitikisika nyingi za eneo moja kwa pamoja ilijulikana hilo ni tetemeko siyo mtu kagonga meza.

Wewe fungua terminali andika sudo modprobe hdaps (inawasha dreva ya sensa hiyo), halafu cat /sys/devices/platform/hdaps/position. Zitatoka namba mbili kwenye mabano, moja ya kulala kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma. Zile unazoziona mashine ikiwa imetulia ndo za kuanzia, ziandike pembeni. Kisha skripti fupi ya Python isome faili hilo mara 50 hivi kwa sekunde: namba ikiruka ghafla ikarudi palepale, hilo ni kofi, ikienda ikabaki hukohuko ujue umeinamisha. Hapo ndo utamu wote ulipo, ukishatenganisha hayo mawili unaiambia skripti iite wmctrl -s 1 (wmctrl ni programu ndogo ya kuamuru madirisha na desktopu) desktopu inahama. Ikienda upande wa kinyume geuza alama ya namba tu, + iwe - au - iwe +.

Ila nakuomba sana, kwanza angalia ndani kuna diski gani. Kama bado ni ile ya kuzunguka, sahani zinakimbia mara 5400 au 7200 kwa dakika na kichwa kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo makofi hapana, cheza kwa kuinamisha taratibu. Ukitaka makofi weka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, T60 inaipokea bila shida.