Dume akimkumbatia jike, usiwatenganishe

Wanaoanza kufuga kaa koko huniuliza swali lile lile: dume amempanda jike mgongoni, amemkamata kwa miguu na hamwachii, wawatenganishe? Waacheni, tafadhali. Huo si ugomvi.

Jike wa kaa koko hupandwa akiwa ametoka kujivua gamba, mwili bado laini. Siku kadhaa kabla ya hapo hutoa majini kemikali inayomvuta dume, naye humbeba chini yake akisubiri. Jike akishajivua, dume humgeuza chali kwa upole ambao hungeutarajia kwa mnyama mwenye magando yale, na kupandana kwenyewe huchukua saa nyingi. Kisha humlinda mpaka gamba jipya lianze kukaza. Ukimwondoa dume mapema, jike hubaki laini katikati ya kaa wengine, na kaa hula kaa. Nimewahi kukuta asubuhi yamebaki magando tu. Mimi nikiona wameshikana, nawahamisha wote wawili kwenye chumba chao.

Kabla ya kuwaweka pamoja, mgeuze kaa utazame kile kifuniko kilichokunjwa tumboni. Cha dume ni chembamba chenye ncha. Cha jike aliyekomaa ni kipana, cha mviringo, kimekoza rangi. Kikiwa bado pembetatu, jike huyo ni mdogo, mpe muda.

Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hata akataga zaidi ya mara moja bila kupandwa tena. Kwa hiyo usishangae kumwona na mayai ilhali dume aliondoka zamani. Muhimu ni kumwekea mchanga chini. Bila mchanga mayai hayashiki vizuri chini ya kile kifuniko cha tumboni, mengi hupotea, na inauma kuyaona yakielea.

Mayai huanza na rangi ya machungwa, yakageuka kahawia, kisha karibu meusi vijicho vinapotokea. Hapo kuanguliwa kumekaribia. Wanaotoka hawafanani na kaa hata kidogo: ni viluwiluwi vinavyoelea, vinavyohitaji maji ya bahari yenye chumvi ya kutosha, ndiyo maana majike huiacha mikoko na kwenda baharini kutaga. Bwawa lenye maji ya chumvi kidogo halitakupa vifaranga. Ukinasa jike mwenye mayai mtegoni, usiyaguse wala usimweke juani. Mrudishe majini hapo hapo.