Elfu sabini za kompyuta ya gemu: anza na kadi na pawa saplai

Ndugu yangu wa Kisauni, umesema una shilingi elfu sabini, skrini ya 1080p unayo tayari, na wataka kucheza GTA V, Fortnite na mpira wa EA. Swali lako ni kama ununue Dell OptiPlex ya ex-UK (kompyuta ya ofisi iliyotumika Uingereza) uiongezee kadi ya grafiki, au uunge mashine yako kuanzia mwanzo. Unga mashine yako. Na kabla hujaulizia prosesa, tenga karibu nusu ya pesa kwa kadi na pawa saplai, kisha kilichobaki ndicho ugawe kwa vingine.

OptiPlex hukwamisha watu kwenye umeme. Nyingi za mnara zina saplai ya wati 240, isiyo na waya wa pini 6 wala 8 wa kulisha kadi, na plagi inayoingia kwenye bodi kuu (motherboard) si ile ya kawaida ya pini 24. Huwezi kuing'oa ukatia saplai ya dukani bila adapta. Unabakiwa na kadi zinazokula umeme wa slotini peke yake, yaani wati 75, kama GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. Ukichukua ile kompyuta nyembamba, kadi nayo lazima iwe ya kimo kifupi. Ikiwa ndani mna prosesa ya i5 ya kizazi cha 6 au 7, jua ni viini 4 na nyuzi 4 tu, tena Windows 11 haiikubali rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 2025.

Kwa gemu zako, prosesa ya Intel i3-12100F yatosha: viini 4, nyuzi 8. Hiyo F maana yake haina grafiki ya ndani, kwa hivyo bila kadi hutaona kitu. Ioanishe na bodi ya H610, lakini soma boksi vizuri, kwani kuna H610 za DDR4 na za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Ukiangukia prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, kwa bei nzuri ichukue, ni bora zaidi. Ila kama bodi ni B450 ya zamani, mwuzaji akuwekee BIOS mpya (programu ya bodi inayowasha mashine) mbele yako, la sivyo feni zitazunguka na skrini ibaki nyeusi.

RAM nunua vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, kisha uingie BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Usipoiwasha, RAM ya 3200 itakwenda polepole kuliko ulivyolipia. Diski ya SSD ya NVMe ya GB 500 yatosha kuanzia.

Kadi ninayopendekeza ni RX 6600 ya GB 8, hata iliyotumika. GTX 1660 Super ni ya pili. RX 6500 XT iache, ina GB 4 na njia nne tu za kupitishia data (PCIe). RX 580 za bei rahisi zichunguze: fungua programu ya GPU-Z utazame idadi ya shaders, yaani viini vidogo vya kadi. RX 580 kamili ina 2304. Ikionyesha 2048, hiyo ni dhaifu zaidi na bei ishuke. Kadi yoyote ya mkono wa pili iendeshe na FurMark, programu ya kuipima kadi kwa kuichosha, dakika kumi na tano mbele ya mwuzaji, na umulike tochi kwenye skrubu na tundu la HDMI. Ukiona kutu au ukijani, imekaa kwenye hewa ya chumvi, na usiloliona ndani huenda ni baya zaidi.

Sasa saplai, na hapa nakusihi usibanie. Wati za kwenye boksi usiziamini, soma stika. Tafuta mstari wa +12V, uzidishe amp zake kwa 12. Iliyoandikwa 500W halafu +12V ni amp 18, hiyo ina wati 216 za kulisha prosesa na kadi, basi. RX 6600 peke yake yataka 132, na i3 ikipanda hufika 89. Saplai ya kweli ya 550W huonyesha zaidi ya amp 40. Ukikuta swichi ya 115/230 nyuma, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni volti 240, na kwenye 115 italipuka papo hapo.

Ukigusa bati la kasha ukahisi mwasho, mara nyingi ni soketi au ekstensheni isiyo na ethi (waya wa kwenda ardhini). Vichujio vya saplai hupitisha umeme mdogo kwenye ethi, na ukikosa njia hukaa kwenye bati. Mwite fundi wa umeme kabla hujachomeka kadi yako ya pesa nyingi.

Gadi ya friji husaidia volti zikipanda, lakini hukata umeme ghafla. UPS (betri ya akiba) ya 650VA yakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, si za kumalizia mechi.

Kasha liwe na matundu mbele, na feni mbili zivute hewa ndani, moja itoe nyuma. Chumba kikiwa na nyuzi joto 32, hakuna feni itakayoshusha prosesa chini ya hapo. Usiliweke dirishani kunakoingia upepo wa bahari. Siku mashine ikiwaka bila picha, zima, chomoa waya, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa shule, pangusa, rudisha. Unyevu wa pwani huweka utando pale.

Ukipata saplai unayoifikiria, weka picha ya stika tuisome kabla hujalipa.