Silikoni imekuwa ngumu: nibadilishe?

SWALI: Niliondolewa titi la kushoto kwa saratani, nikapigwa mionzi, kisha nikawekewa silikoni. Sasa ni ngumu kama jiwe, imepanda juu na inauma. Niwekewe nyingine?

JIBU: Pole, dada. Mwili huzungushia silikoni utando wa kovu. Mionzi huufanya mnene na kuukaza. Ukiweka silikoni nyingine mahali palepale, ugumu mara nyingi hurudi. Bora itolewe pamoja na utando, pajazwe nyama yako mwenyewe.

Chaguo la kwanza ni nyama ya tumbo: ngozi na mafuta ya chini ya kitovu hukatwa, msuli ukaachwa, na vimishipa vyake vya damu vya milimita 2 au 3 huunganishwa na vya kifuani kwa hadubini. Ni kazi ya saa 6 hadi 8. Usiku ule muuguzi hukagua titi jipya kila saa. Nyama ikivimba na kuwa ya zambarau, vena (mshipa unaotoa damu kwenye nyama hiyo) imeziba, unarudishwa thieta papo hapo.

Tumbo halina mafuta? Hutumika msuli wa mgongoni, ingawa titi huwa dogo. Sigara iachwe wiki 4 kabla. Na kama pana usaha, silikoni itolewe kwanza. Ujenzi husubiri miezi kadhaa. Kubaki bapa, bila kujengewa titi, nako kunaruhusiwa, asikushurutishe mtu.