Sigara feki zimekamatwa, mbona leseni ya pombe ndio iko hatarini?

Safari hii nimezichagua barua tatu, zote kutoka kwa wasomaji wetu walioko Uingereza na zote zinagusa jambo moja, duka kukutwa na bidhaa bandia halafu halmashauri inataka kuipitia upya leseni ya pombe. Ninayoyasema ni ya England na Wales, ukiwa Scotland au Ireland ya Kaskazini sheria zako ni nyingine kabisa usije ukanilaumu.

SWALI: Habari za kazi ndugu. Mimi na shemeji yangu tuna duka dogo tunauza mikate, maziwa, pombe, sigara na vitu vya hivi hivi, leseni ya pombe iko kwa jina langu. Walikuja watu wa Trading Standards (wakaguzi wa biashara wa halmashauri) na mbwa wakakuta paketi za sigara zimefichwa nyuma ya rafu stoo, na chupa kama kumi na mbili za vodka, wakasema sigara ni feki na vodka nayo lebo imekosewa herufi. Shemeji ndiye kanunua kwa jamaa anayepita na gari, mimi nilikuwa safarini naapa. Sasa barua imekuja eti leseni yangu inapitiwa upya. Sigara na leseni ya pombe wapi na wapi? Na mbona sijashtakiwa popote? Kuna mtu kanishauri niihamishie haraka kwa mke wangu kabla ya kikao. Nisaidie maana silali.

JIBU: Pole kaka. Naanza na hilo la "wapi na wapi" kwa sababu karibu kila mwenye duka huanzia hapo na wengi hubaki hapo hapo mpaka kikao kinaisha. Leseni yako imetolewa chini ya Sheria ya Leseni ya 2003, na hiyo sheria ina malengo manne tu, kuzuia uhalifu na vurugu, usalama wa watu, kuzuia kero kwa umma, na kuwalinda watoto. Angalia la kwanza. Halikusema uhalifu wa pombe, limesema uhalifu. Kwa hiyo duka lenye leseni likigeuka kuwa kituo cha kuuzia sigara za magendo, au mikoba feki au hata midoli feki, halmashauri ina haki ya kuuliza huyu mtu bado anafaa kushika leseni? Na wewe hata hivyo una vodka ndani, kwa hiyo kisingizio cha sigara tu hakikufikishi mbali.

Tena kuna mwongozo wa serikali ambao halmashauri zote zinausoma, unatolewa na Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani, chini ya kifungu cha 182 cha sheria hiyo hiyo. Umetaja makosa ambayo yakifanyika dukani inabidi yachukuliwe kwa uzito wa pekee, na kuuza au kuhifadhi tumbaku na pombe ya magendo kumo. Ukaenda mbele ukasema kama imethibitika lengo la kuzuia uhalifu linahujumiwa, basi kufuta leseni kufikiriwe kwa dhati hata kama ni mara ya kwanza. Hata kama ni mara ya kwanza! Kwa hiyo ile hotuba ya "ndio mara yangu ya kwanza waheshimiwa" usiiwekee matumaini makubwa.

Hilo la kutoshtakiwa nalo linawaangusha wengi. Kikao cha leseni sio kesi ya jinai, pale hawatafuti kama una hatia bila shaka yoyote, wanapima kipi kina uwezekano mkubwa kuwa kimetokea halafu wanaangalia mbele, wafanye nini ili kisirudie. Mahakama Kuu ilishalisema hili mwaka 2016 kwenye shauri la halmashauri ya East Lindsey, kwamba lengo la kuzuia uhalifu halisubiri mtu awe ameshtakiwa wala kupatikana na hatia, na kuwatisha wengine wasifanye vile vile ni sababu halali ya kuchukua hatua. Usikae unasubiri polisi wakuite ndio uanze kujitetea, saa yako imeshaanza kuhesabu.

Na saa yenyewe iko hivi. Kuanzia kesho yake baada ya ombi la kuipitia leseni upya kupokelewa kuna siku 28 za watu kutoa maoni, ndio maana utaona karatasi ya rangi ya bluu mpauko imebandikwa dukani kwako au jirani (usiibandue, najua inaudhi wateja wanaisoma lakini usiibandue). Zikiisha hizo, kikao kinatakiwa kianze ndani ya siku 20 za kazi. Mbele yako kwa kawaida watakaa madiwani watatu, Trading Standards wataeleza waliyoyakuta, polisi wanaweza kuongeza yao, halafu zamu yako. Kitu kimoja hakisemwi sana, karatasi zako zote zifike kabla ya siku ya kikao maana ukija na bahasha mkononi asubuhi ile haipokelewi mpaka pande zote zikubali. Nimeshamsindikiza mtu kwenye kikao cha namna hii akaja na mfuko wa risiti umejaa hadi juu, upande wa pili wakakataa, ule mfuko akarudi nao kwenye basi.

Madiwani wanaweza kuamua nini? Wanaweza kukuongezea au kukubadilishia masharti, kuondoa shughuli fulani kwenye leseni, kumtoa yule msimamizi aliyeandikwa kwenye leseni, kusimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi 3, au kuifuta. Pia wanaweza wasifanye chochote ila kwa hizo sigara zilizofichwa nyuma ya rafu kaka, hapo nisikudanganye. Kufichwa ndiko kunakokuumiza zaidi kuliko hata idadi. Mtu aliyeuziwa mzigo mbovu bila kujua anaupanga mbele kwenye rafu kama mingine, haufichi. Diwani wa kwanza atakuuliza hilo swali na ujue jibu lake kabla hujaingia ule mlango.

Sasa "nilikuwa safarini". Ni kweli inawezekana, lakini hebu isikilize kwa masikio ya madiwani, mwenye leseni hayupo, aliyebaki ananunua kwa mtu wa gari asiye na jina wala ankara, na hakuna anayejua stoo kuna nini. Umewaambia kwamba duka halina mwenyewe. Mimi ningesema yaliyotokea yametokea chini ya leseni yangu, na haya hapa niliyobadilisha tangu siku ile. Na uwe umebadilisha kweli. Shemeji asiguse manunuzi tena (najua nyumbani patachafuka, lakini ndivyo). Ununue kwa wauzaji wa jumla waliosajiliwa tu, maana tangu tarehe 1 Aprili 2017 mwenye duka analazimika kununua pombe kwa muuzaji wa jumla aliyeidhinishwa na HMRC (mamlaka ya kodi na ushuru), namba yake ya usajili inakaguliwa mtandaoni kwa dakika moja. Ankara zikae dukani, sio kwa mhasibu, zenye jina na anuani ya aliyekuuzia. Iandikwe wazi kwamba hakinunuliwi kitu kwa mtu anayegonga mlango. Haya yote ukiyapendekeza mwenyewe kama masharti ya leseni kabla hawajakuwekea, walau wana kitu cha kushika badala ya kufuta.

Kuna jambo dogo la vodka. Zamani chupa ya pombe kali ya ujazo wa 35cl kwenda juu ilikuwa na stempu ya ushuru na watu walikuwa wanaimulika na taa maalumu, ule mfumo umefutwa tangu Mei 2025 kwa hiyo kama mtu kakushauri ununue hiyo taa ndio utetezi wako, ni ushauri wa jana. Angalia lebo, herufi, ujazo wa chupa kama uko sawa kwenye chupa zote, na kubwa kuliko yote bei, kwa sababu ushuru na VAT kwenye chupa ya pombe kali ni pesa nyingi na hakuna jamaa wa gari anayeweza kukulipia wewe ushuru kwa upendo tu. Kwa sigara ni rahisi zaidi, tangu Mei 2017 paketi zote halali hapa ni zile za rangi moja ya kijani cha tope na picha za magonjwa, paketi yenye rangi zake za kupendeza hiyo imejisema yenyewe.

Kuhamishia leseni kwa mke. Hapana. Maombi ya kuhamisha yapo kisheria na mtu anaweza kuyapeleka, lakini polisi wanaweza kupinga wakiona uhamisho huo utahujumu kuzuia uhalifu, na huko kupitiwa upya kunaifuata leseni sio jina, kwa hiyo shemeji yuko pale pale, stoo ile ile, wewe uko pale pale, kilichobadilika ni jina kwenye karatasi. Madiwani wameshaiona hiyo mbinu mpaka wameichoka na utakuwa umejiharibia kwa ulimi wako mwenyewe. Uhamisho unaoeleweka ni wa kuliuza duka kweli kweli kwa mtu asiyehusiana nanyi.

Wakifuta, una siku 21 tangu ujulishwe kukata rufaa mahakama ya mahakimu, na kwa kawaida uamuzi hauanzi kufanya kazi mpaka muda huo uishe au rufaa iamuliwe, kwa hiyo unaendelea kuuza. Lakini rufaa ina gharama na ukishindwa unaweza kubebeshwa za upande wa pili. Tafuta wakili wa masuala ya leseni hasa, sasa hivi, asiwe yule aliyekusaidia viza. Mgusie na suala la alama za biashara maana sheria ya 1994 inaruhusu kifungo mpaka miaka 10 kwa bidhaa feki, na ukienda kuongea ovyo kwenye kikao maneno yako yanaweza kukurudia huko.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, karibu na kwetu kuna duka vijana wote wanajua wanauza sigara za chini ya meza na pombe ya ajabu ajabu. Nimeona karatasi ya bluu mlangoni. Nataka kuandika lakini naogopa watanijua.

JIBU: Marahaba mama. Una haki ya kuandika, huhitaji kuwa jirani wa ukuta kwa ukuta wala hulipi chochote, ilimradi unachosema kiguse yale malengo manne na kifike ndani ya zile siku 28. Andika ulichokiona wewe, siku na saa kama unakumbuka, nani aliuziwa nini, hasa kama ni watoto. "Duka linaharibu mtaa" haimsaidii mtu, na ukianza kusema bei zao zinaua biashara ya mdogo wako watakuweka pembeni.

Kuhusu jina, hapo nakuambia ukweli, barua yako kwa kawaida mwenye duka anapewa pamoja na jina na anuani. Halmashauri inaweza kuzificha kama una hofu ya kweli ya kutishwa lakini hiyo ni kwa nadra na waulize kabla ya kutuma, sio baada. Njia nyepesi zaidi ni kuwapa habari Trading Standards kupitia Citizens Advice (shirika la kuwashauri wananchi), au polisi, halafu wao waiseme kwa jina lao. Ukitaka usijulikane kabisa kuna Crimestoppers, shirika linalopokea taarifa za uhalifu, hawakuulizi jina.

Na usijione unachongea watu. Pombe feki imeshakutwa na methanoli ndani, kitu kinachoweza kumpofusha mtu au kumuua, na dalili mbaya zinaweza kuja masaa mengi baada ya kunywa, mtu kalala akijua ni ulevi tu. Mwaka 2011 huko Boston, Lincolnshire, wanaume watano walikufa kwa mlipuko kwenye kiwanda cha siri cha vodka. Hao walikuwa watengenezaji, hata chupa hazijafika dukani.

SWALI: Bro, mimi ni mfanyakazi tu lakini bosi aliniandikisha kama DPS (msimamizi wa pombe anayeandikwa kwenye leseni ya duka) kwa vile nina leseni binafsi ya kuuza pombe. Naona mizigo inaingia usiku haina karatasi. Akikamatwa na mimi nimo?

JIBU: Umo, na umo sana. Jina lako ndilo limeandikwa kama msimamizi wa pombe wa hilo duka. Kifungu cha 144 cha ile Sheria ya Leseni ya 2003 kinamgusa hata msimamizi anayejua kwamba bidhaa za magendo zinawekwa pale, na umeshaniandikia kwamba unaona, kwa hiyo usije ukasema hukujua. Ukihukumiwa kwa pombe feki mahakama inaweza kuisimamisha au kuichukua leseni yako binafsi, na hiyo ndiyo inayokupa kazi popote utakapoenda.

Mwambie bosi kwa maandishi, hata meseji tu, kwamba mzigo usio na ankara hauwekwi rafuni. Akikuchekea, jitoe. Unapeleka notisi halmashauri kwamba huendelei kuwa msimamizi, na ndani ya saa 48 unampa mwenye leseni nakala pamoja na maelezo ya kumtaka airudishe leseni kwa halmashauri ndani ya siku 14. Jua tu kwamba duka lisilo na msimamizi haliruhusiwi kuuza pombe mpaka apatikane mwingine, kwa hiyo bosi atakasirika siku hiyo hiyo na kibarua kinaweza kuota nyasi. Tafuta kazi nyingine kwanza, wiki hii, halafu peleka notisi, na ile meseji piga picha uihifadhi mahali ambapo simu ya duka haifiki.