Filipi na magoti ya mama mkwe

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, dada. Mwezi wa tano tunakwenda Ugiriki: mimi, mume wangu na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Filipi tumeipa siku moja. Je, mama ataweza? Na lile gereza la Paulo na Sila bado lipo?
Mama Rehema, Moshi

JIBU: Amina, Mama Rehema. Ataweza, ila msianzie kwenye magofu. Mimi nilianzia huko, nikafika mtoni nimechoka, na mto ndio uliokuwa umenitoa nyumbani.

Laleni Kavala, ile Neapoli ya Matendo, kilomita kama 15 tu kutoka Filipi. Asubuhi mapema nendeni moja kwa moja kijijini Lydia, ng'ambo ya magofu upande wa magharibi. Mto wenyewe, Zygaktis, ni mdogo, maji yake yanapita chini ya miti mikubwa. Kwa mapokeo ya Wagiriki ndipo alipobatizwa Lidia, muuza zambarau wa Thiatira. Ukingoni pamejengwa ngazi za mawe, na mama anaweza kukaa hapo. Msomeeni Matendo 16 taratibu, kuanzia mstari wa 13. Msimharakishe.

Magofuni, shikeni upande wa chini, kwenye uwanda. Kuna soko la Kirumi, na karibu yake mabaki ya kanisa la pembe nane. Chini ya kanisa hilo ilipatikana sakafu ya vijiwe vya rangi yenye maandishi ya Kigiriki: Askofu Porfirio alitengeneza nakshi za basilika ya Paulo katika Kristo. Askofu huyo aliishi karne ya 4. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Hapo hakuna kukisia: Wafilipi wenyewe waliandika jina la Paulo sakafuni mwao.

Gereza je? Mnaloonyeshwa liko juu, kwenye ngazi za mlimani, na wachimbaji wanasema lilikuwa tangi la maji la Kirumi. Heshima ya gereza ilikuja baadaye. Baba Rehema apande akipenda. Mama abaki chini.

Vaeni viatu visivyoteleza, maana mawe ya Egnatia, ile barabara ya kale ya Warumi, yamelainika kwa magurudumu ya kale. Maji na kofia msisahau. Kivuli ni kichache.