Kabla Hujaandika Kwamba Korona Iliusafisha Mto Yamuna

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ubora wa maji, nimesoma rasimu zenu kuhusu mto Yamuna unaopita jijini Delhi, na karibu zote zinaishia mahali pamoja: India ilifunga shughuli tarehe 25 Machi 2020, viwanda vikazimwa, mto ukasafika. Nami niliwahi kuandika hivyo, ndiyo maana sina subira tena.

1. Ulizeni habari za mvua kwanza. Katika tasnifu yangu nililinganisha oksijeni iliyoyeyuka majini (ikiwa nyingi, mto una afya) ya Aprili 2020 na ya Aprili 2019 katika kipande cha mto ndani ya Delhi, kutoka kizuio cha maji cha Wazirabad hadi cha Okhla, ambacho ni kilomita 22 tu lakini ndicho kinachouchafua mto kuliko kipande kingine chochote. Nilichora grafu ya kupendeza, nikajaza kurasa kwa sifa za kufungwa kwa viwanda. Msimamizi wangu aliisoma kimya, kisha akauliza, "Machi hiyo Delhi ilipata mvua kiasi gani?" Sikuwa nimetazama. Nilipotazama nilikuta zaidi ya milimita 100, ambayo ni rekodi kwa mwezi wa Machi mjini humo, na kwamba maji yaliyoachiliwa Wazirabad mwezi Aprili yalikuwa mengi kuliko ya mwaka uliotangulia. Mto ambao kiangazi hubaki karibu majitaka matupu ulikuwa umezimuliwa. Huenda viwanda vilichangia, lakini mimi nilivipa sifa yote bila kukokotoa mzigo wa uchafu, yaani kiasi cha uchafu katika kila lita mara mtiririko wa mto, jambo tunalofundishwa mwaka wa kwanza. Sura nzima niliiandika upya, na wenzangu wakaniita Bwana Mvua hadi siku ya mahafali.

2. Maji maangavu si lazima yawe safi. Wakati huo wa korona mifereji ya Venice, Italia, ilionekana hadi chini kwa sababu boti zilisimama na tope likatulia. Bakteria wa kinyesi hawaonekani kwa macho, hata mkiinama vipi.

3. Watu hawakuacha kwenda chooni. Mfereji wa Najafgarh uliendelea kumimina majitaka ya Delhi, kwa hiyo msishangae BOD, yaani kipimo cha oksijeni ambayo bakteria hutumia kuozesha uchafu, ikigoma kushuka. Mkitaka alama ya viwanda, pimeni kromiamu, metali inayotumika kusindika ngozi, kwenye mto Ganga karibu na viwanda vya ngozi vya Kanpur.

4. Andikeni joto la maji na saa ya kuchukua sampuli, kwa maana maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba 7.6 tu.

5. Someni mbinu ya BOD kabla ya kunakili jedwali. Maabara za India nyingi hupima kwa siku tatu katika nyuzi 27, ilhali mmezoea siku tano katika nyuzi 20. Nimeona matokeo ya mbinu hizo mbili yakipangwa katika safu moja bila maelezo, na aliyeyapanga alikuwa amenizidi vyeti.