Kwa nini mfano wa Cutty Sark unaonekana kama tishari, na jinsi ya kuukondesha

Mkuu, nirudie swali lako kwa kifupi ili wengine wafuatilie. Unaunda Cutty Sark kwa kipimo cha 1:96 kutoka boksi la vipande vilivyokatwa tayari. Tabaka la kwanza la mbao limekamilika, lakini omo (sehemu ya mbele ya meli) imetoa nundu, na ukiitazama meli kwa mbele unaona tishari la kubebea makaa. Unauliza kama ufunike tu na tabaka la pili au ubomoe, na kama shaba na kamba za kwenye boksi zinafaa.

Usibomoe bado, na tabaka la pili usiliguse. Ugonjwa wako ni unene, na utaukuta tena kwenye shaba, kwenye foromali (miti ya mlalo inayobeba matanga) na kwenye kamba usipoanza kuupima leo.

Klipa, yaani meli ya matanga ya mbio kama hii, ni nyembamba. Cutty Sark ilishushwa majini Dumbarton, Scotland, tarehe 22 Novemba 1869. Kiwiliwili chake kina urefu wa mita 64.7 na upana wa mita 10.97, yaani urefu ni karibu mara sita ya upana. Kwa 1:96 hiyo ni sm 67.5 kwa sm 11.4. Chukua kalipa (kifaa cha kupimia unene) upime penye upana mkubwa kabisa. Tabaka la pili la mm 0.5 litaongeza milimita moja kwa pande zote mbili, kwa hiyo sasa hivi hutakiwi kuzidi mm 113. Ikiwa imezidi kwa mm 3 au 4, basi mataruma (mbavu za meli) yalikatwa kwa upana kamili wa meli bila kutoa unene wa mbao. Mm 4 zinaonekana kidogo mezani, lakini ni sm 38 kwenye meli ya kweli.

Sasa nundu za omo. Zina chanzo kimoja kati ya viwili, na mara nyingi vyote kwa pamoja.

Chanzo cha kwanza ni kingo za mataruma ambazo hazikunyolewa mshazari. Plaiwudi ya mm 4 ikikatwa kwa pembe ya mraba, ubao unaopita juu yake unakalia ncha moja tu. Kwa mataruma ya mbele, ukingo unaotazama tezi (nyuma ya meli) ndio wenye kipimo sahihi, na ule unaotazama omo ndio wa kunyolewa. Kwa mataruma ya nyuma mambo yanageuka. Paka ukingo wote penseli, nyoa kwa kijiti chenye msasa namba 120, na usimame mstari wa penseli unapobaki mwembamba kwenye ukingo usiotakiwa kuguswa. Kisha lazia kipande cha ubao cha mm 2 juu ya mataruma manne kwa mpigo: kiguse unene wote wa kila taruma, kisiache mwanga. Kati ya mataruma mawili ya kwanza jaza vitalu vya mti laini na uvinyoe kufuata mkunjo, maana pale mbao zinakunjwa sana na hazina cha kuegemea.

Chanzo cha pili ni mbao kuwa na upana uleule toka tezi hadi omo. Kata ukanda wa karatasi, uzungushe kutoka ukingo wa sitaha hadi kwenye mkuku (uti wa chini wa meli) katikati ya meli, weka alama. Rudia penye taruma la kwanza. Tuseme katikati umepata mm 120 na omo mm 72. Kwa mbao za mm 5 utahitaji mbao 24 kila upande, na kila ubao lazima ufike omo ukiwa na mm 3. Usipoupunguza, utalazimika kuupinda kwa ubavu wake, na mti haukubali kupindwa hivyo: ukingo mmoja unanyanyuka juu ya jirani yake, na hiyo ndiyo ngazi unayoiona. Ukiona hesabu inataka ubao upungue kuliko nusu ya upana wake, usiuchonge uwe sindano. Ukomeshe mapema, ubao mmoja ubebe nafasi ya miwili. Kwenye tezi ni kinyume, kule utahitaji vipande vya pembetatu vya kujazia.

Mbao unazoloweka ziache zikauke zikiwa zimefungwa kwenye umbo kabla ya gundi. Dakika 20 hadi 30 kwenye maji ya moto zinatosha kwa mti wa mm 1.5. Ukibandika ubao ukiwa bado mbichi, umebandika ubao uliovimba. Ukikauka utasinyaa kwa upana na kuacha nyufa kotekote. Na daima bandika wa kulia, kisha wa kushoto. Anayemaliza upande mmoja kwanza huupinda mkuku, na mkuku uliopinda hauna dawa.

Hilo ndilo jambo la kukagua kabla ya kuamua hatima ya kazi yako. Vuta uzi mwembamba chini ya mkuku kutoka omo hadi tezi. Ukiachana na uzi kwa mm 1, endelea. Ukiachana kwa mm 3, anza upya, kwa sababu milingoti itakufuata upande huohuo.

Mkuku ukiwa sawa, nundu zinaondoka hivi. Kama sitaha haijafunikwa, ingiza kwa ndani vipande vya kitambaa chepesi vilivyolowa gundi nyeupe ya mbao na uvilaze kwenye mbao kati ya taruma na taruma, maana unakwenda kuzipunguza mbao kwa nje na zitahitaji mgongo. Zikishakauka siku nzima, sugua risasi ya penseli kwa ubavu kwenye omo yote mpaka iwe kijivu. Pitisha kibao cha sm 20 chenye msasa, kwa mshazari, mara tano au sita tu, halafu tazama: palipong'aa mti ndipo penye nundu, palipobaki kijivu ndipo penye bonde. Paka tena, pitisha tena. Mabonde yajaze kwa unga wa mti uleule uliochanganywa na gundi. Mti wa mm 1.5 unakuruhusu kuondoa karibu mm 1. Ukiona mwanga wa taa unapenya, umefika mwisho. Msasa ulioshikwa kwa vidole haufai hapa, kwani vidole hufuata mabonde na kuyachimba zaidi.

Usisahau kwamba chini ya omo ya klipa kuna mbonyeo, mahali ambapo mstari unaingia ndani kabla ya kutoka. Msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo ndio unaoufikia. Watu wengi wanaujaza mbonyeo huo wakidhani ni kosa, na hapo klipa inakuwa meli nyingine kabisa.

Fashini ya nyuma, mti wa wima unaobeba usukani, ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote. Mkuku wa boksi una mm 5. Ukiulazia tabaka mbili kila upande unapata mm 9, na usukani wa mm 5 utakaa nyuma ya kisiki. Kabla ya mbao, sehemu hiyo ya mkuku ilitakiwa kuchongwa hadi mm 2, na ncha za tabaka la kwanza zipunguzwe hadi mm 1. Hesabu: 2, jumlisha mbili za 1, jumlisha mbili za 0.5, ni 5. Kwako mbao zimeshakaa, kwa hiyo punguza ncha zake kwa patasi kali na msasa kadiri ziwezavyo. Ukifika mm 6 baada ya tabaka la pili, macho hayatalalamika.

Shaba. Chini ya mstari wa maji, Cutty Sark ilifunikwa mabamba ya Muntz, mchanganyiko wa karibu asilimia 60 ya shaba na 40 ya zinki. Rangi yake ni ya shaba njano iliyofifia, siyo nyekundu ya sarafu mpya. Mabamba ya aina hiyo kwa kawaida yalikuwa ya futi 4 kwa inchi 14, yaani mm 12.7 kwa 3.7 kwenye kipimo chako. Vigae vya kwenye maboksi vina unene wa mm 0.2 na vichwa vya misumari vilivyovimba. Mm 0.2 ni sm 2 za chuma, ilhali bamba la kweli lilikuwa la milimita moja hivi! Weka pembeni. Tafuta tepu ya shaba ya mafundi wa vioo vya rangi, yenye unene wa mm 0.04, ukate vipande mwenyewe. Utahitaji zaidi ya 2,000. Alama za misumari, kama huwezi kuishi bila hizo, ziwe vishimo vya kubonyeza kidogo kwa gurudumu la ushonaji.

Kabla ya tepu, ziba mti kwa vanishi iliyozimuliwa mara mbili na ufute vumbi kwa spiriti. Tepu ikikalia unga wa mbao, itanyanyuka baada ya miezi. Anzia tezi penye mkuku, nenda omo, kisha panda safu ya pili. Kwa njia hiyo bamba la mbele linalala juu ya la nyuma na maji hayapati ukingo wa kuufunua. Vaa glavu za pamba. Jasho la kidole huacha alama nyeusi zisizoonekana siku hiyo, zinatokea baadaye.

Kabla ya kugusa milingoti, chagua mwaka. Mwaka 1880 milingoti na foromali zilipunguzwa urefu. Mwaka 1895 meli iliuzwa Ureno ikaitwa Ferreira, na baada ya kuvunjika milingoti mwaka 1916 ilirudishwa baharini na mpango mwingine wa matanga. Iliyoko Greenwich, kwenye gudi lake tangu 1954, imerudishiwa sura ya miaka iliposafirisha chai. Ukichanganya picha za nyakati hizi, kamba zitakosa pa kufungwa. Ukichagua 1869, kilele cha mlingoti wa kati kiwe sm 48 juu ya sitaha, na mlingoti huo peke yake ndio unaopata tanga dogo la juu kabisa.

Vijiti vya mviringo vya boksi vizungushe juu ya kioo. Kinachoruka kimepinda, kitupe. Foromali usiichonge kutoka kwenye mviringo moja kwa moja. Anza na mraba, upunguze kuelekea ncha mpaka karibu nusu ya unene wa katikati, ndipo uondoe pembe ziwe nane, kisha kumi na sita, kisha msasa. Nyembamba ncha! Foromali isiyokonda nchani ndiyo inayoipa meli sura ya uzio. Makapi (roda za kupitishia kamba) na pete zote zifungwe kwenye milingoti ikiwa bado mkononi. Baadaye hutafikisha koleo.

Makapi yenyewe yatazame kwa makini. Kapi la mm 5 kwa kipimo chako ni sm 48, karibu pipa. Mengi yanatakiwa kuwa mm 2 hadi 3. Vijiti vya kufungia kamba vya boksi vina mm 8 au 10, ambavyo kwa baharia wa mfano wako vingefika kiunoni. Kata vyako kutoka waya wa shaba njano, mm 4.

Kamba za meli kwa desturi zilipimwa kwa mzingo, siyo kwa kipenyo. Ukikuta kwenye mchoro inchi 4.5, zidisha kwa 25.4, gawa kwa 3.14, gawa kwa 96: unapata mm 0.38. Ya inchi 2 ni mm 0.17. Ukimaliza hesabu utajua kwa nini uzi mmoja wa mm 0.5 waliokupa hautoshi kwa meli nzima. Tafuta unene wa aina tano au sita. Kamba zinazoshikilia milingoti ziwe nyeusi kwa sababu za kweli zilipakwa lami. Zinazoendesha foromali na matanga ziwe za rangi ya katani. Usitumie nailoni, inalegea na haishiki fundo. Kila uzi upite mara mbili kwenye nta ya nyuki ili manyoya yalale.

Kamba za ubavuni za mlingoti zifunge jozi ya kulia ya mbele, kisha ya kushoto ya mbele, ukirudi nyuma kwa zamu. Ngazi za kamba juu yake ndizo zinazowashinda wengi, zinakazwa mno na kamba za nje zinavutwa ndani kama kiuno cha nyigu. Weka nyuma yake kadi nyeupe yenye mistari kila mm 4, na ufunge kijiti cha muda juu na chini ili kamba zisisogee. Uzi wa mm 0.13 uanze kamba ya kati: zungusha mara mbili, ncha ipite chini ya mzunguko, vuta mpaka ukae tu, usikaze. Nenda kamba ya pembeni, kisha rudi upande wa pili. Baada ya kila ngazi tano simama mbali, utazame kamba ya nje kama bado imenyooka. Tone la gundi iliyozimuliwa kwenye mafundo ya pembeni, ikikauka kata mabaki kwa kikata kucha.

Kuhusu matanga, kwa 1:96 kitambaa chochote kitafanana na godoro. Acha foromali tupu. Lakini zikiwa tupu, foromali zinazopandishwa, yaani ya tatu kutoka chini kwenye kila mlingoti na zote zilizo juu yake, zishushwe kwenye vituo vyake vya chini. Kuu ya chini na inayoifuata hubaki palepale. Mifano mingi haina tanga hata moja na bado foromali zote zimepandishwa juu kana kwamba meli inakimbia.

Anza na uzi chini ya mkuku na kalipa kwenye fashini. Weka vipimo hivyo viwili hapa pamoja na picha ya omo iliyopakwa penseli, tuone ni wapi pa kunyoa.